Darasa la Nyumba: Foyer Social ya Usumbura na Historia ya Kubadilisha Tabia

Katika vyuo vikuu vya ng'ambo, somo la kusanifu vitu ili kubadilisha tabia ya anayevitumia huhesabiwa kuwa somo changa. Wanaolifundisha hupenda kulihesabia umri wake tangu mwaka 1998, B. J. Fogg alipofungua maabara yake katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, au tangu 2007, wanafunzi wa darasa lake walipotunga programu ndogo za Facebook zilizowafikia mamilioni ya watu kabla ya muhula kwisha, au tangu 2008, Richard Thaler na Cass Sunstein walipochapisha kitabu chao Nudge, kinachodai kwamba kupanga vizuri mazingira ya uchaguzi hutosha kumwelekeza mtu bila kumlazimisha. Nasaba hiyo ni fupi mno, tena haiitaji Afrika hata mara moja. Mjini Bujumbura, ulipokuwa ungali ukiitwa Usumbura, kozi ya namna hiyo ilianza mwaka 1946. Ilikuwa na mtaala, wakufunzi, mazoezi, ziara za ukaguzi na zawadi, na kitu kilichosanifiwa upya kilikuwa nyumba pamoja na mwanamke aliyeishi ndani yake.

Ili kuielewa kozi hiyo, ni lazima kwanza kuuelewa mji. Usumbura ulianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani katika miaka ya 1890, ukatwaliwa na Wabelgiji mwaka 1916 wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, kisha ukawa makao makuu ya Ruanda-Urundi, eneo ambalo Ubelgiji ililitawala kwanza kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa na, kuanzia 1946, kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Waafrika wa mjini waliwekwa katika mitaa iliyopewa jina la vituo vya nje ya mila, yaani makazi ambayo hayakuwa chini ya machifu wala mwami, yaani mfalme, bali chini ya utawala wa kikoloni moja kwa moja. Mitaa hiyo ilikuwa miwili: mmoja uliitwa Belge, ambao leo ni Bwiza, na mwingine ukaitwa Kijiji cha Waswahili, ambao leo ni Buyenzi. Wakazi wa Buyenzi wengi walikuwa Waislamu wenye asili ya Ujiji, Manyema na kando za Ziwa Tanganyika. Walikuwa wachuuzi, mafundi, wavuvi na wapagazi wa zamani pamoja na jamaa zao, na Kiswahili kilikuwa lugha yao ya sokoni, ya msikitini na ya nyumbani. Mtawala wa Kibelgiji aliyewatazama watu hao aliona jambo lililomtia wasiwasi: walikuwa wenyeji wa mji kabla yake, na ustaarabu walionao haukuwa umetoka kwake.

Foyer Social, ambayo kwa maana ni nyumba ya huduma za jamii, ilikuwa taasisi iliyokwisha kujaribiwa katika miji ya Kongo kabla ya kuletwa Usumbura. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, aliyechapisha mwaka 1990 utafiti mahususi kuhusu taasisi ya Usumbura kati ya 1946 na 1960, ameonyesha kwamba shabaha yake ilikuwa kumfanya mwanamke Mwafrika wa mjini awe mama wa nyumba kwa kipimo cha Ubelgiji: afume, ashone, atie viraka, apige pasi, apike, alee mtoto mchanga kwa kanuni za usafi, na apambe chumba. Baada ya vita, serikali ya Ubelgiji ilikuwa na sababu ya kuigharimia kazi ya namna hiyo. Viwanda, bandari na ofisi vilihitaji wafanyakazi wakaao mjini na familia zao badala ya vibarua wanaokuja na kurudi mashambani, na Hazina ya Ustawi wa Wenyeji, iliyoundwa 1947, ilipewa jukumu la kulipia zahanati, maji na huduma za jamii katika Kongo na Ruanda-Urundi.

Inafaa kuitazama kozi yenyewe kwa jicho la mtu wa usanifu, maana mpango wake haukuwa wa kubahatisha. Masomo yalipangwa kwa ngazi, kuanzia sindano na uzi, ambavyo kila mwanafunzi angeweza kuvimudu, hadi uendeshaji wa nyumba nzima. Mwanafunzi aliyefanya vizuri aliweza kufundishwa kuwa mkufunzi msaidizi, hivyo somo lilitoka katika kinywa cha mwanamke wa mtaani badala ya kinywa cha Mzungu peke yake. Kazi ya darasani ilifuatwa na ziara za nyumbani, ambapo wahudumu wa jamii walikwenda kuona kama kile kilichofundishwa kilikuwa kikitendwa, na mashindano ya nyumba iliyotunzwa vizuri zaidi yaliwapa wanawake sababu ya kupimana wao kwa wao. Hatua ndogo za mwanzo, mfano wa mwenzako, ufuatiliaji, tuzo: mwalimu wa leo wa usanifu wa tabia angevitambua vyote vinne, ingawa pengine asingefurahi kuambiwa vimetoka wapi.

Nyumba nayo ilishirikishwa katika ufundishaji. Mwaka 1952 iliundwa Ofisi ya Miji ya Waafrika, shirika la ujenzi lililojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, OCAF, ambalo katika Usumbura lilijenga mtaa wa Ngagara; hata leo wazee wa mji huuita mtaa huo OCAF bila kufikiri, na sehemu zake bado hutajwa kwa namba. Nyumba za mpango huo zilichorwa kwa ajili ya familia moja ya baba, mama na watoto wao, na vyumba vilikuwa na kazi zake maalumu. Mchoro wa namna hiyo ni hoja kuhusu jamaa inavyopaswa kuwa. Shangazi mjane, mke wa pili, mpwa aliyekuja kusoma, mgeni wa kutoka mji wa Rumonge anayekaa miezi mitatu, wote hawakuwa na chumba katika karatasi ya mchoraji, na hivyo kuta zilitazamiwa kufanya kazi ambayo hotuba ilikuwa imeshindwa kuifanya.

Upungufu mkubwa wa kozi hiyo haukuwa katika mbinu bali katika dhana iliyotangulia mbinu, kwamba mwanafunzi alikuja mikono mitupu. Katika miji ya Waswahili, kutoka pwani hadi Ujiji na ng'ambo ya ziwa, msichana hakuachwa bila mafunzo ya nyumba. Alikuwa na kungwi au somo wake, mwanamke mtu mzima aliyemfunda mambo ya mwili, ya ndoa, ya adabu na ya usafi, na usafi wenyewe ulikuwa na sheria za dini zilizoeleza hata jinsi ya kutia maji mkononi. Mkeka, ukili, kofia iliyofumwa kwa subira, chungu cha pilau na chai ya viungo vilikuwa tayari na wajuzi wake, wenye viwango na ushindani wao. Wahudumu wa jamii walipoingia Buyenzi kufundisha utunzaji wa nyumba, waliingia katika darasa lililokuwa likiendelea, wakadhani chumba ni kitupu kwa sababu hawakuona ubao.

Kwa hiyo matokeo yalikuwa ya mchanganyiko kwa namna ambayo waanzilishi hawakuikusudia. Ushonaji ulipendwa, na si vigumu kuona sababu. Katika Afrika Mashariki cherehani ilikuwa kwa muda mrefu kazi ya wanaume, mafundi waliokaa barazani mbele ya maduka, na darasa lililompa mwanamke ustadi wa sindano lilimpa pia uwezo wa kuwavika watoto wake bila kumlipa fundi, na hata wa kushonea wengine. Kwa upande wa taasisi huko kulikuwa ni kujifunza utulivu wa nyumbani. Kwa upande wa mwanafunzi, ustadi huohuo ulikuwa fedha. Mafunzo mengine yalitegemea hali ya mume. Wake wa makarani na wasaidizi wa ofisi, tabaka ambalo Wabelgiji waliliita la walioendelea, walikuwa na sababu ya kutandika meza kwa kitambaa, maana katika Kongo jirani mwanamume aliyeomba cheti cha ustaarabu alitembelewa nyumbani, na mpangilio wa nyumba na mwenendo wa mke viliingia katika hukumu. Mke wa mchuuzi wa Buyenzi hakuwa na mtihani huo mbele yake, na kitambaa cha meza hakikumwongezea kitu.

Hapa ndipo historia ya darasa inapopotosha isiposomwa pamoja na historia ya kodi. Utawala uleule uliotoa zawadi kwa nyumba safi ulikuwa pia ukiwatoza wanawake wa mjini waliohesabiwa kuwa nje ya ndoa kodi maalumu, na maandishi ya serikali yaliwaweka katika kundi la wanawake wanaoishi peke yao kinadharia. Neno hilo la mwisho lina kejeli ya kiofisi isiyohitaji maelezo. Kundi hilo liliwachanganya wajane, waliopewa talaka, wake wa ndoa za mitala ambazo sheria ya kikoloni ilikuwa ikizibana kwa nguvu zaidi tangu amri ya Kongo ya 1950, na wanawake waliouza miili yao, na kwa macho ya mtaa maana yake ilikuwa moja: aliyetozwa alikuwa ametangazwa malaya na serikali. Katika miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa Buyenzi waliipinga kodi hiyo waziwazi. Hawakuwa wakibishania fedha tu. Walikuwa wakikataa kuandikwa katika daftari kwa jina ambalo dini yao na majirani zao hawakuwapa. Hunt, ambaye aliuchunguza mgogoro huo katika makala nyingine ya 1991, anaufanya kuwa suala la nani ana haki ya kumtaja mwanamke, na rai yake ina uzito, ingawa mtu angeweza kuongeza kwamba kozi na kodi zilikuwa idara mbili za ofisi moja, moja ikibembeleza na nyingine ikitisha, na kwamba wanawake wa Buyenzi walionekana kulijua hilo.

Ujuzi wa kupinga haukuishia kwenye kodi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Buyenzi ikawa moja ya ngome za mjini za Mwanamfalme Louis Rwagasore na chama chake cha UPRONA, kilichodai uhuru, na mtaa uliokuwa umekusudiwa kufundishwa utulivu wa nyumbani ukawa mahali pa mikutano ya siasa. Rwagasore aliuawa Usumbura tarehe 13 Oktoba 1961, na nchi ikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Baada ya hapo madarasa ya ushonaji na upishi hayakufutwa, bali yaliendelea nchini chini ya mikono ya Warundi wenyewe, kwa majina yaleyale ya Kifaransa.

Mbinu yenyewe ilikuja kubadilika kweli baadaye, tena kupitia chombo kingine, redio. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo uliofuata njia iliyobuniwa Mexico na Miguel Sabido katika miaka ya 1970, ambapo msikilizaji huwafuata wahusika wanaoyumba kati ya mwenendo mwema na mbaya na kuonja matokeo yake pamoja nao. Bujumbura, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Studio Ijambo ilianzishwa mwaka 1995 na shirika la Search for Common Ground, na mwaka 1997 ikatoa Umubanyi Niwe Muryango, mchezo wa redio kuhusu familia jirani, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri na kuendelea kwa mamia ya vipindi. Huo nao ulikuwa mpango wa kubadilisha tabia, wenye wafadhili wa nje na malengo yaliyoandikwa, na asiyekubali kulisema hilo anaudanganya umma. Lakini mtungaji alikuwa Mrundi aliyeandika kwa Kirundi, aliyewajua majirani aliowasimulia, na mpango huo haukumtuma mkaguzi kubisha hodi. Msikilizaji wa Buyenzi ambaye hakuupenda angeweza kuizima redio, uhuru ambao mjane aliyeandikwa katika daftari la kodi hakuwa nao.