Kujihami Ngara, kusikilizwa Bukoba

Wadau, kuna swali linalorudi kila ujambazi unapopamba moto: mtu akimuua jambazi aliyemvamia nyumbani, kwa nini yeye ndiye anayelala mahabusu? Kwa watu wa Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, hili si swali la darasani.

Sheria ilitangulia matatizo. Sheria Na. 14 ya 1980 iliingiza kwenye Kanuni ya Adhabu vifungu vya kujihami: unaweza kujilinda wewe, mwenzako au mali, kwa nguvu ya kadiri inayohitajika. Ukizidisha mtu akafa, kosa ni kuua bila kukusudia. Mwaka 1989 sungusungu, walioanzia Usukumani na Unyamwezini, nao wakapewa uwezo wa kisheria wa kukamata.

Ikaja 1994. Aprili 28 na 29, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Wengi walikuwa raia waliokimbia roho zao, lakini silaha za vita vya Rwanda na Burundi nazo zilipenya mpakani. Miaka iliyofuata, mabasi ya Biharamulo na Ngara yakawa yanasindikizwa na polisi wenye bunduki. Mwaka 2013 serikali ikaendesha Operesheni Kimbunga, ikiwalenga kwa pamoja majambazi na wahamiaji haramu.

Hapo ndipo pa kuwa makini. Mgeni na jambazi wakishawekwa kapu moja, mtu anaweza kuuawa kwa lafudhi yake tu, na marehemu hajitetei. Tena kumpiga mtu aliyekwisha kufungwa kamba si kujihami. Kwa hiyo upelelezi lazima uwepo.

Lakini tazameni upande wa pili. Aliyejihami kweli akifunguliwa kesi ya mauaji, hana dhamana. Mahakama ya wilaya haina mamlaka ya kuamua kesi hiyo. Ni ya Mahakama Kuu, ambayo kwa Kagera iko Bukoba. Utetezi wake unasubiri upelelezi ukamilike na zamu ya kesi ifike. Shamba, watoto na mifugo haviko mahabusu, wala havisubiri.

Kumbe kosa la kuua bila kukusudia lina dhamana. Maana yake, neno linaloandikwa kwenye hati ya mashtaka siku ya kwanza linaamua mtu atasubiri nyumbani au gerezani, kabla jaji hajasikia lolote.

Maoni yangu: vifungu vya 1980 vinatosha. Kinachotakiwa ni waendesha mashtaka kupima dai la kujihami mapema, kabla ya kuandika "mauaji". Haki inayosikilizwa mwisho kabisa, mwenyewe ameshaadhibiwa.

Nawasilisha.