Safari: neno lililovuka bahari bila wapagazi wake

Anayeonekana kituoni Mtowisa alfajiri na begi mkononi huulizwa jambo moja: safari ya wapi? Akijibu mjini, inajulikana ni Sumbawanga. Gari litapita Muze, kisha litaanza kuupanda ukingo wa Lyamba lya Mfipa kuelekea Ntendo. Ziwa Rukwa, huku chini bondeni, liko mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko juu Ufipa ni zaidi ya mita 1,700. Anayepanda kuuza mpunga, anayepeleka mgonjwa, anayekwenda msibani, wote wako safarini. Mvua zikiharibu barabara, watasema safari hii mambo ni magumu, na hapo neno halina tena habari ya kwenda popote. Maana yake ni mara hii.

Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, kutoka safar, tukalizalisha: msafiri, msafara, kusafirisha. Waingereza nao walilichukua kwetu. Richard Burton, aliyefika Ujiji na John Speke Februari 1858, alilitumia mwaka 1859 katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London, akieleza misafara ya watu wa pwani. Kwake safari ilikuwa ni watu wenyewe: wapagazi, viongozi na mizigo yao.

Maana hiyo haikudumu. Theodore Roosevelt alipotua Mombasa Aprili 1909, akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, safari ilikwisha kuwa uwindaji wa wenye fedha. Wapagazi wake walikuwa mamia, lakini picha zilizosambaa duniani ni zake yeye na bunduki. Baadaye bunduki ikaiachia kamera nafasi. Likaja vazi la safari, yakaja mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na mwaka 2003 kampuni ya Apple ikaipa jina hilo programu ya kuvinjari intaneti. Leo Mwingereza akisema anakwenda safari, wenzake wanafikiria simba.

Mimi nikilisikia nawafikiria Abdullah Susi na James Chuma. David Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873, wao na wenzao waliukausha mwili wake, wakaufunga na kuubeba hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu, na njia yao ilikatiza Ufipa. Baadhi yao walifia njiani. Hakuna aliyewaamuru, Mzungu aliyewaajiri alikuwa maiti, na wangeweza kumzika na kurudi kwao. Walikubaliana wenyewe kuifanya safari hiyo, wakaitimiza. Ikiwa kuna safari inayostahili kutajwa kila neno hili linapofundishwa, ni hiyo.

Chuma alikuwa Myao aliyeokolewa utotoni kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861. Miaka michache baada ya Bagamoyo alipita tena Ufipa, safari hiyo akiwa mkuu wa msafara uliotumwa na jumuiya ileile ya London. Kiongozi wake Mzungu, Keith Johnston, alifariki Juni 1879, na uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 ambaye hakuwa amewahi kuongoza watu katika nchi hizi. Chuma alikuwa na uzoefu wa miaka mingi. Ndiye aliyewapanga wapagazi na kusuluhisha ugomvi wao.

Mwaka 1880, kutoka juu milimani, Thomson aliliona Ziwa Rukwa na bonde lake, akaliita Ziwa Leopold, kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji. Jina hilo halikushika. Wakazi wa bondeni waliendelea kuliita Rukwa, na Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882.