Tilting: Dago Lililogeuka Mji

Mtu asikiapo habari za Waairishi waliohamia Amerika, fikira zake hukimbilia mara moja ile njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845, viazi vilipooza shambani na watu wakafa kwa mamia ya maelfu. Njaa hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa chanzo cha kila kijiji cha Waairishi kilichoko ng'ambo ya bahari. Tilting, kijiji kilichoko upande wa mashariki wa kisiwa cha Fogo, kaskazini-mashariki mwa Newfoundland katika Kanada, kilikuwa kimekwisha kukaliwa nao tangu katikati ya karne ya 18. Waliokianzisha hawakuwa wakikimbia kifo. Walikuwa wakifuata samaki.

Samaki mwenyewe ni yule wa maji baridi aitwaye kodi. Jina hili lisichanganywe na kodi ya serikali, ingawa wavuvi wa Tilting, ambao kwa vizazi vingi walilipia kila kitu kwa samaki huyo, wangesamehewa kama wangechanganya. Kila mwaka, baridi ilipokwisha, merikebu za wafanyabiashara wa Kiingereza, hasa wa Poole na bandari nyingine za magharibi, zilipitia Waterford, kusini-mashariki mwa Ayalandi, kupakia nyama ya nguruwe ya chumvi, siagi na vijana wenye nguvu. Vijana hao walitoka katika sehemu ndogo ya nchi iliyoizunguka bandari hiyo, na wengi wao waliandikwa kazi kwa muda wa viangazi viwili na majira ya baridi moja. Katika lugha yao ya asili waliiita Newfoundland Talamh an Éisc, yaani Nchi ya Samaki. Wala hawakuiita nchi ya ahadi.

Kwa hiyo mwanzo wake ulikuwa dago. Yasemwa hata jina la Tilting limetokana na vibanda vya magogo yaliyosimamishwa wima, ambavyo wavuvi walivijenga kwa kujisitiri na kuvihama msimu ulipokwisha. Kabla ya Waairishi, Wafaransa nao walipiga dago huko. Na kabla ya wote walikuwako Wabeothuk, wenyeji wa Newfoundland, ambao walisukumwa mbali na pwani na vijiji vya wageni kama hivi, wakakosa samaki na ndege wa baharini waliowategemea, wakapungua kwa njaa, maradhi na kuuawa. Shanawdithit, mwanamke ahesabiwaye kuwa wa mwisho wao aliyejulikana, alifariki mwaka 1829. Asimuliaye urithi wa Tilting bila kumtaja asimulia nusu.

Mapokeo ya kijiji humtaja Thomas Burke kuwa mmoja wa wa kwanza waliokataa kurudi. Wakafuata akina Dwyer, Foley, Greene na wengine, ambao majina yao yangali yakisikika huko. Walikuwa Wakatoliki kati ya majirani Waprotestanti, chini ya sheria ambazo hazikuwaruhusu kuabudu waziwazi hata mwaka 1784, uhuru wa dini ulipotangazwa katika Newfoundland. Bila shaka hali hiyo iliwabana pamoja, na ndiyo sababu mojawapo ya lafudhi ya Kiairishi kudumu katika vinywa vya watu ambao babu zao hawakuiona Ayalandi.

Kazi yenyewe ilifanana na ya wenye kutengeneza ng'onda popote, ila jua lilikuwa hafifu na chumvi ilikuwa ya deni. Samaki alishushwa katika banda lililojengwa juu ya nguzo ufukoni, nusu likiwa juu ya maji. Mmoja alimpasua koo na tumbo, wa pili akamkata kichwa na kutoa matumbo, wa tatu, fundi wa wote, akaondoa uti wa mgongo kwa mikato michache, na wa nne akatia chumvi; ikizidi, nyama huungua, ikipungua, huoza. Kisha samaki waliooshwa walianikwa juu ya chanja za fito, wakageuzwa, wakafunikwa ikinyesha, wakaanikwa tena. Kazi ya chanjani ilikuwa zaidi ya wanawake na watoto, na huko ndiko faida ya msimu ilikopatikana au kupotea. Samaki bora alikwenda Ureno, Hispania na Italia. Aliye duni kabisa alipelekwa visiwa vya Karibi, akawa chakula cha Waafrika waliokuwa watumwa katika mashamba ya miwa. Mvuvi hakupanga bei. Tajiri alimkopesha unga, kamba na chumvi mwanzo wa msimu, na mwisho wa msimu tajiri huyo huyo akaamua samaki ni wa daraja gani na deni limebaki kiasi gani. Wengi waliishi na kufa pasipo kushika fedha nyingi mkononi.

Kwa kuwa samaki hakutosha, walilima. Hapo ndipo Uairishi wao uonekanapo kuliko penginepo. Viazi vilipandwa katika matuta mapana yaliyotengwa kwa mifereji, na udongo ule mchache ukarutubishwa kwa mwani na kwa samaki wadogo wajitupao pwani kwa maelfu kila kiangazi. Ng'ombe, kondoo na farasi walizurura huru. Ua ulizunguka bustani, si mifugo. Nyumba nazo hazikuwa na msingi mzito. Zilisimama juu ya nguzo fupi za mti, na mtu alipotaka kuhama aliwaita jirani, wakaifunga kamba, wakaimba, wakaivuta nyumba nzima juu ya nchi au juu ya barafu mpaka mahali papya. Mgeni aliingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha hodi. Jambo hilo lingemshangaza Mswahili, lakini kwao kubisha hodi kulikuwa ndiko alama ya mtu wa mbali.

Newfoundland ilipojiunga na Kanada mwaka 1949, serikali iliona vijiji vya namna hii kuwa mzigo. Tangu mwaka 1954 hata 1975 watu wapatao 30,000 walihamishwa kutoka vijiji karibu 300. Kisiwa cha Fogo nacho kilikuwa katika hatari. Mwaka 1967 Colin Low, mtengenezaji wa filamu, akishirikiana na Chuo Kikuu cha Memorial, aliwapiga wanakisiwa filamu fupi zaidi ya 20 wakisema haja zao. Filamu hizo walionyeshwa kwanza wao wenyewe, kijiji baada ya kijiji, Wakatoliki wakawasikia Waprotestanti wakilalamika maneno yale yale. Baadaye wakaonyeshwa wakubwa wa serikali. Mwaka huo huo wanakisiwa wakaunda chama cha ushirika, wakaunda mashua kubwa zaidi, wakabaki.

Waliwashinda maafisa, lakini hawakuwa na uwezo juu ya bahari. Meli kubwa za kigeni zilivua kodi kwa nyavu za kukokota, na mwaka 1968 peke yake samaki wa kaskazini waliovuliwa walizidi tani 800,000. Kanada ilipojitwalia maili 200 za bahari mwaka 1977, meli zake zenyewe ziliendelea na kazi ile ile. Tarehe 2 Julai 1992 uvuvi huo ukafungwa, watu zaidi ya 30,000 wakakosa kazi. Ushirika wa Fogo ulisalimika kwa kaa wa maji baridi.

Mwaka 2003, miaka 11 baada ya samaki kufungwa, Kanada iliitangaza Tilting kuwa Mahali pa Historia ya Taifa. Mabanda, nyua na nyumba zilizohesabiwa kuwa dalili ya umaskini katika miaka ya 1960 zikawa hazina ya kutunzwa, nazo zilitengenezwa vizuri, nyingine kwa mikono ya wazee waliozijua tangu utoto. Mwaka 2024 serikali iliufungua tena uvuvi wa kodi kwa tani 18,000 tu. Hayo mabanda yaliyotengenezwa, machache sana kati yake yataona samaki huyo akishushwa.