Inchi Moja kwa Pima Moja

Watu wa pwani yetu hawakuanza leo kuiga vyombo. Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani, au ukashuka mpaka Songo Mnara, utaona kwenye lipu ya magofu picha za vyombo zilizokwaruzwa kwa ncha kali: milingoti, matanga, kamba. Mwaka 1964 Peter na Margaret Garlake waliziandikia makala. Kinachonishangaza mimi si umri wake. Ni kwamba mchoraji hakuridhika na umbo la chombo peke yake; alitaka tujue na kamba imefungwa wapi. Huyo ndiye babu yetu sisi wachonga ndege, hata kama wataalamu watanicheka.

Ndege zenyewe zilifika huku mapema. Novemba 1914 Waingereza walikuwa wakiisaka manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha ndani ya delta ya Rufiji. Wakarusha ndege ya majini kutoka kisiwa kidogo cha Niororo, kusini ya Mafia. Rubani alikuwa Dennis Cutler. Mwezi uliofuata injini ikamzimikia, akakamatwa. Julai 1915 manowari ikaangamizwa kwa mizinga iliyoelekezwa na ndege kutoka Mafia. Tangu hapo mtu aliye chini, kila akisikia mngurumo, ana swali moja tu: hiyo ya nani?

Swali hilo ndilo lililoukuza uchongaji wa ndege ndogo duniani. Mwaka 1936 kampuni ya Frog ya Uingereza ilianza kuuza vipande vya plastiki vya kuunganisha, kwa kipimo cha 1 kwa 72. Vita ilipowaka, jeshi la majini la Marekani likawaomba wanafunzi wa shule, mwaka 1942, wachonge ndege 500,000 za mbao kwa kipimo hicho hicho, ili askari wajifunze kumtambua adui kwa umbo. Kumbe kile tunachokiita mchezo wa watoto kilikuwa darasa la mizinga!

Na kwa nini 72? Wenzetu wanapima kwa futi: inchi moja ya mfano ni futi 6 za kitu chenyewe. Lakini futi 6, ndugu msomaji, ndiyo pima yetu, mikono miwili iliyonyooshwa, dhiraa nne. Fundi wa majahazi wa Kilwa Kivinje hahitaji kikokotoo hapo. Inchi moja kwa pima moja, basi.

Mimi nilichagua MiG-21. Mabawa yake, ncha kwa ncha, ni mita 7.15, yaani pima nne kasoro kidogo. Kwa hiyo ndege yangu ina inchi nne kasoro kidogo. Mwili niliuchonga kwa kipande cha mwembe nilichookota pale wanapochonga ngalawa, nikakikwangua kwa kigae cha chupa na kumalizia kwa msasa. Mabawa ni bati la kopo la maziwa. Kazi ilinishinda puani. MiG-21 haina pua ya kuchongoka kama samaki. Ina tundu la kuvutia hewa, na katikati ya tundu kumechomoza koni. Nilipasua mwembe mara tatu. Mara ya nne nikalitoboa kwa msumari wa moto, taratibu, nikachomeka mwiba wa mchongoma uliosuguliwa. Ikakaa!

Nikampelekea mjomba. Yeye alikwenda Kagera, kwenye mizinga ya kutungulia ndege. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikaangushwa tarehe 11 Aprili 1979. Vitabu vyetu vya shule vinapita hapo mbio mbio. Jambo moja havilisemi sana. Uganda walikuwa na MiG, na sisi tulikuwa na MiG. MiG-17 huku na kule, MiG-21 huku na kule. Umbo, ambalo mwaka 1942 lilitosha kumtenga rafiki na adui, hapa halikusaidia kitu. Ndege za Tanzania zikatunguliwa na Watanzania wenyewe, kwa makosa.

Mjomba aliishika ile ndege kwa vidole viwili kama anayeshika dagaa wa moto. Nilikuwa nimemaliza rangi ya mkia siku tatu nzima, kwa unyoya wa kuku, na nilingoja sifa.

"Mjomba," akaniita, maana ndivyo tunavyoitana, "hii ya nani?"

Nikamwonyesha mkia.

Akainyanyua juu ya kichwa chake, akaipitisha kwa haraka kuelekea baharini. "Mkia uliuona?"

Sikuuona.

"Ikipita juu yako unaona tumbo. Na unaliona kwa muda wa kuhesabu mbili. Wewe tumbo umelipaka nini?"

Sikuwa nimelipaka kitu. Lilikuwa mwembe mtupu, na alama za msasa zinaonekana. Nikamuuliza wao walikuwa wanatambuaje. Akanirudishia ndege, akachukua kikombe chake cha kahawa, akanywa mpaka kikaisha.

"Lete rangi," akasema. "Kwanza milango ya magurudumu. Halafu tangi la mafuta, hapa katikati, nalo umelisahau."