Tiba ya Miali na Ukavu wa Kinywa

Wilhelm Röntgen alipovumbua miali ya eksrei huko Ujerumani mwaka 1895, waganga hawakukawia kuijaribu juu ya saratani. Lakini miali haibagui: palipouawa uvimbe wa koo, ngozi na utando wa kinywa viliungua pia. Huko Paris, Claude Regaud aliwajaribia kondoo dume, akaona ya kuwa kipimo kikigawanywa kwa siku nyingi, kondoo huwa tasa na ngozi yake husalimika. Henri Coutard akaifuata njia hiyo, na mwaka 1922 akaeleza jinsi saratani ya zoloto ilivyoponywa pasipo madhara makubwa.

Hata hivyo tezi za mate zilibaki katika mapito ya miali. Aliyepona aliweza kukosa mate, akatatizwa na kumeza, na meno yake yakaoza. Ndipo ikazuka mbinu ya kulinganisha nguvu za miali na umbo la uvimbe, ili tezi ziepushwe. Uingereza ilijaribiwa kwa wagonjwa 94. Matokeo yalitolewa mwaka 2011: baada ya miezi 12, ukavu uliosumbua uliwapata 74 katika kila mia kwa njia ya zamani, na 38 kwa mpya. Ukavu ulipungua, bali haukwisha.