Mtoto akipangiwa chuo Mbeya: mkopo, makazi, sala na mafunzo ya vitendo Makongolosi

 

Majina ya waliochaguliwa vyuoni yanapotoka, wazee wa Unguja na Pemba hutuletea maswali yanayofanana. Mtoto kapangiwa Mbeya, nasi hatuna mtu huko. Mkopo wa Bodi ni riba au si riba? Atalala wapi, atasali wapi, atakula nini? Na wanaofika mwaka wa pili au wa tatu huuliza jengine: mtoto anapelekwa Makongolosi kwa mafunzo ya vitendo, mji wa wachimba dhahabu, je, tumwachie? Tumeona tuyaweke majibu pamoja, ili mzazi apate pa kurejea.

Kwanza tujue ni chuo gani. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, maarufu MUST, ni cha serikali. Kilianza mwaka 1986 kikiwa Chuo cha Ufundi Mbeya, kikawa taasisi mwaka 2005, na chuo kikuu mwaka 2012. Mjini humo ipo pia kampasi ya Mzumbe, na chuo cha afya kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Iringa kuna Mkwawa, kinachosomesha walimu. Hivi vyote ni vya umma. Vipo vyengine vya makanisa: Teofilo Kisanji cha Wamoravian hapo Mbeya, Ruaha cha Wakatoliki na Chuo Kikuu cha Iringa cha Walutheri. Vyuo hivi hupokea Waislamu na wengi wamesoma huko wakamaliza salama, lakini mzazi aulize mapema kuhusu mavazi ya binti, pahala pa kusali na ratiba ya Ijumaa, kabla mtoto hajathibitisha nafasi. Kuuliza baada ya ada kulipwa ni kuchelewa.

Mkopo wa Bodi

Hapa ndipo penye maswali mengi, nasi tutakaa hapa kidogo.

Elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwa hiyo kijana wa Zanzibar anaweza kuomba Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ikaanza kazi mwaka 2005. Zanzibar nayo ina Bodi yake ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mtoto hachukui kuwili kwa masomo yale yale. Afanyaye hivyo hula mali ya umma kwa hila, na jina lake likigundulika hupoteza kote.

Maombi ya Bodi ya Muungano hufanywa kwa mtandao na yana ada ya shilingi 30,000. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe, cha Bara kwa RITA na cha kwetu kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Kama baba au mama amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Hapa ndipo watoto wetu wengi huanguka. Mzee alizikwa kijijini siku ile ile, kama sunna inavyotaka, na hakuna aliyekumbuka kwenda kumsajili. Miaka kumi baadae yatima anaomba mkopo na karatasi ya kuthibitisha uyatima wake haipo. Kusajili kifo hakupingani na kuharakisha maziko. Maziko leo, usajili wiki ijayo. Aliyekosa mkopo au kupata pungufu akumbuke kwamba hufunguliwa dirisha la rufaa, na siku zake ni chache.

Sasa hukumu. Hadi mwaka 2021 deni la Bodi lilikuwa likiongezwa asilimia 6 kila mwaka, iliyoitwa tozo ya kulinda thamani ya fedha. Jina lilikuwa zuri, lakini nyongeza iliyoshurutishwa juu ya deni ni riba, na hatuoni njia ya kuisema vyenginevyo. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Kwa hiyo fatwa walizosikia wazee wetu kabla ya hapo, za kukataza mkopo huu, zilisimama juu ya sababu ambayo haipo tena, na hukumu huzunguka pamoja na sababu yake. Tunasikitika kuona hadi leo kuna mzazi anamrudisha mtoto nyumbani kwa fatwa ya zamani.

Iliyobaki ni ada ya uendeshaji ya asilimia 1. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha Amman Oktoba 1986, ilijadili ada za huduma juu ya mikopo, ikaamua kwamba zinajuzu zikiwa katika mipaka ya gharama halisi za kuuendesha mkopo, na kinachozidi hapo ni riba. Asilimia 1 kwa kazi ya kusajili, kulipa na kufuatilia maelfu ya wanafunzi twaiona imo ndani ya mpaka huo. Rai yetu basi ni kwamba mkopo huu, kwa hali yake ya sasa, unajuzu kwa mwenye haja. Hata hivyo mkataba usomwe kabla ya kutiwa saini. Mzazi anayesoma vizuri akae na mtoto wausome pamoja, hasa vipengele vya kuchelewa kulipa, na kikionekana kipengele cha nyongeza kiletwe kwa wanazuoni kiangaliwe.

Kujuzu hakuufanyi mkopo kuwa zawadi. Malipo huanza miezi 24 baada ya kumaliza au kuacha chuo, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiuliza juu ya deni la maiti kabla ya kumsalia. Kijana anayechukua akiwa na nia ya kutolipa, kwa hoja kwamba ni fedha ya serikali, anachukua haramu hata kama mkataba ni halali.

Bumu, ada na bima

Fedha ya kujikimu wanafunzi huiita bumu. Katika mwaka wa masomo 2022/23 ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Huja kwa mafungu, na mwanafunzi lazima aisaini katika mfumo. Asiyesaini kwa wakati fedha yake hurudi. Kwa kuwa huja ya miezi miwili pamoja, kijana aliyezoea kupewa shilingi mia tano ya skuli hujiona tajiri wiki ya kwanza, na wiki ya sita anapiga simu nyumbani. Tunawashauri wazee waulize mapema kuhusu kodi ya chumba na chakula, na waulize bila ya ukali kuhusu kubeti, maana kamari ya simu imeingia mabwenini na inakula bumu kuliko simu mpya. Akaunti ya benki nayo iwe isiyo na faida ya riba. Baadhi ya benki kubwa zina madirisha ya Kiislamu, kama Al Barakah ya CRDB iliyoanza mwaka 2021.

Bima ya afya ya mwanafunzi kupitia NHIF imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Ilipwe. Mbeya ni mji wa zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mtoto wa Makunduchi au Micheweni akifika Juni bila ya sweta na blanketi zito huanza masomo kwa homa ya mapafu.

Anayepungukiwa ada asikae kimya mpaka azuiwe mtihani. Kila chuo kina ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na hapo ndipo pa kupeleka shida ya ada, ugonjwa, msiba, au ruhusa ya kuahirisha masomo. Kuahirisha kwa barua kunahifadhi nafasi. Kutoweka tu hakuhifadhi, na mkopo husimama. Vivyo hivyo matokeo. Sapu si mwisho wa dunia, lakini aliyedisko hupoteza chuo na mkopo pamoja, na deni la miaka aliyosoma hubaki shingoni.

Je, apewe zaka? Mwanafunzi fakiri hupewa kwa ufakiri wake, kwani mafakiri na masikini ndio wa mwanzo kutajwa katika aya ya 60 ya Suratut-Tawba. Imam Nawawi ametaja kwamba anayeshughulika na elimu ya sheria, ambaye kazi ingemkatisha masomo, hupewa zaka japo anaweza kufanya kazi. Katika elimu za kidunia wapo wanazuoni wa zama hizi walioipanua rukhsa kwa elimu ambayo umma unaihitaji, nasi twaelekea huko kwa uhandisi na utabibu. Mjomba mwenye duka Darajani anaweza basi kumpa mtoto wa dada yake zaka yake, wala si lazima amtangazie kuwa ni zaka.

Sala, kibla na saa za futari

Mwanafunzi aliyekusudia kukaa Mbeya muhula mzima si msafiri. Katika madhehebu yetu ya Shafii, akinuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, husali timamu na hufunga Ramadhani. Atafute msikiti wa karibu na jumuiya ya wanafunzi Waislamu wiki ya kwanza, kabla hajapata marafiki wa kumwelekeza kwengine. Jumuiya hiyo ndiyo inayojua nani anapika halali, chumba gani kinasaliwa, na nyumba gani nje ya chuo ina mwenye nyumba mwema.

Kibla cha Unguja karibu ni kaskazini sawasawa. Mbeya iko magharibi zaidi, kwa hiyo atageuka kidogo kuelekea mashariki, kama digrii 12 kutoka kaskazini. Muhimu zaidi ni saa. Jua linachwa Mbeya baada ya Unguja kwa dakika ishirini na kitu, huzidi au hupungua kwa msimu. Kijana anayefuturu kwa adhana ya redio ya nyumbani au kwa simu iliyobaki na ratiba ya Zanzibar, anafuturu jua lingalipo, na siku hiyo inampasa ailipe.

Mtihani au kipindi kikiangukia saa ya Ijumaa, jumuiya iandike barua kwa mshauri wa wanafunzi ratiba ya awali inapobandikwa. Ratiba ya awali hubadilika, ya mwisho ni vigumu.

Makongolosi

Makongolosi ni mji mdogo wa wilaya ya Chunya. Kutoka Mbeya barabara hupanda milima kisha hushuka hadi Chunya, kilomita 72 hivi, halafu kilomita 39 nyengine. Ni sehemu ya ardhi ya dhahabu ya Lupa, ambako dhahabu ilianza kuchimbwa miaka ya 1920 na watu wakamiminika miaka ya 1930. Hadi leo wachimbaji wadogo wapo wengi, na wanafunzi wa uhandisi, jiolojia, mazingira na afya hupata huko cha kujifunza ambacho hakimo darasani. Joto lake si la Mbeya; sweta libaki chuoni.

Fedha ya mafunzo kwa vitendo ni kifungu kimojawapo cha mkopo, lakini si ajabu ikafika mafunzo yameshaanza. Mzazi atayarishe nauli na chumba cha wiki mbili za mwanzo.

Kifiqhi, masafa ya kupunguza sala kwa hesabu za wengi katika Shafii ni kama kilomita 82. Anayetoka Mbeya kuishia Chunya hajayafikia. Anayekwenda Makongolosi ameyapita, basi njiani anaweza kupunguza na kujumuisha, ila akifika naye amenuia wiki nane atasali timamu. Ijumaa ikisaliwa hapo inamlazimu, ingawa hahesabiwi katika wale arubaini kwa kuwa si mkaazi wa kudumu.

Penye dhahabu pana pombe, kamari na fedha za haraka, na hilo si la Makongolosi peke yake. Kijana asikae chumba cha peke yake kama wenzake wapo. Katika sehemu za wachimbaji wadogo hutumika zebaki kuikamata dhahabu, kisha huchomwa. Mvuke wake ni sumu ya ubongo na figo. Mwanafunzi asisimame karibu na moto huo, wala asichome kwenye chungu cha kupikia. Kujilinda na madhara ni wajibu, hata msimamizi akicheka.

Na akishawishika kununua vigramu viwili vitatu ili auze Mbeya, ajue kwanza sheria ya nchi: biashara ya madini ina leseni na soko lake, na Chunya soko hilo lipo tangu 2019. Ajue pia sheria ya dini. Dhahabu kwa fedha ni mkono kwa mkono, katika kikao kimoja. Kuchukua dhahabu leo na kulipa bumu likiingia ni riba ya kuchelewesha, japo bei haikuongezwa hata senti.

Binti

Wazee huuliza hili kwa sauti ya chini. Safari ya mwanamke bila ya maharimu ina makatazo katika hadithi sahihi, na wanazuoni wametofautiana pale njia inapokuwa na amani na wanawake waaminifu wakiwa pamoja naye. Kwa haja ya elimu, tunachukua kauli ya wanaoruhusu kwa masharti hayo. Asafiri na wenzake wa kike, mchana inapowezekana, na mara ya kwanza baba, kaka au mjomba amfikishe mpaka bwenini. Aombe bweni la chuo mapema, maana geto la mtaani ni la mwisho. Mafunzo ya vitendo wapangiwe mabinti wawili au zaidi pahala pamoja, na hili chuo hukubali kikiombwa kabla ya barua kutoka. Ikiwa nafasi iliyopo ni ya msichana mmoja katika kambi ya wanaume, aombe abadilishiwe; hospitali, halmashauri, na maabara za Mbeya mjini nazo hupokea wanafunzi.

Wallahu a'lam.