Waliorudi Kutoka Harura



Ndugu msomaji, katika mwezi kama huu wa Ramadhan, mwaka 40 Hijria (661 Miladia), Sayyidna Ali bin Abi Talib (R.A.) alipigwa upanga katika msikiti wa Kufa. Aliyempiga hakuwa kafiri wala mlevi. Abdurrahman bin Muljam alikuwa mtu wa ibada, msomaji wa Qur'an. Alifikaje hapo? Hakufika peke yake. Alipitia katika kundi, na historia ya kundi hilo kila kijana wa Kiislamu anafaa aijue, kwa sababu ni historia ya waliopotea na vilevile ya waliotoka.

Miaka mitatu kabla ya hapo, katika vita vya Siffin, Ali na Muawiya walikubaliana kuteua waamuzi wawili ili damu ya Waislamu isizidi kumwagika. Baadhi ya wanajeshi wa Ali wakakasirika. Hukumu ni ya Allah peke yake, walisema, vipi basi watu wapewe kuhukumu? Maelfu wakajitenga, wakapiga kambi mahali paitwapo Harura, karibu na Kufa. Hao ndio Makhawarij wa mwanzo. (Niseme kidogo hapa: ndugu zetu Maibadhi wa Oman na Zanzibar hulikataa jina hilo, na makala haya hayawasemi wao.)

Abdullah bin Abbas (R.A.), binamu yake Mtume (S.A.W.), akaomba ruhusa awaendee. Ali alimhofia, lakini akamkubalia. Alichokikuta huko ndicho kinachonitia hofu mimi hadi leo: watu wenye alama za sijda kwenye vipaji vya nyuso, mikono imekakamaa kwa kusujudu, nguo kuukuu, nyuso zimekonda kwa kukesha. Hebu niambie, ni mama gani angemwona mwanawe hivyo asimshukuru Mungu?

Ibn Abbas alikuwa amevaa nguo nzuri ya Kiyemeni. Wakaanza kumlaumu kwa hiyo nguo kabla hajasema kitu. Wengine wakaambiana wasizungumze naye kabisa. Wengine wakasema, la, tumsikilize. Shika hapo, ndugu yangu, maana waliopona walitoka katika hao waliokubali kusikiliza.

Kwanza aliwaambia kwamba ametoka kwa Maswahaba wa Mtume, watu ambao Qur'an iliteremka wakiwepo, na kwamba kambini mwao hamna Swahaba hata mmoja. Yaani kundi zima lilikuwa limewakatia kamba wazee waliojua, likabaki linajifundisha lenyewe kwa lenyewe. Kisha akawauliza: mna malalamiko gani? Wakataja matatu. Ali amewapa watu hukumu ya Allah. Amepigana na hakuchukua mateka wala ngawira. Na amekubali kujifutia cheo cha Amirul Muuminin kwenye mkataba.

Ibn Abbas hakuwatukana. La kwanza aliwajibu kwa Qur'an wanayoisoma kila usiku: Allah mwenyewe ameagiza waamuzi wawili mume na mke wakigombana, na ameweka waadilifu wawili waamue fidia ya aliyewinda akiwa katika ihram. Je, damu ya Waislamu si kubwa kuliko mnyama wa porini? La pili akawauliza kama wangekubali kumfanya mateka Bibi Aisha (R.A.), mama wa waumini, aliyekuwa upande wa pili katika vita vya Ngamia. La tatu akawakumbusha Hudaybiya, pale Mtume (S.A.W.) alipokubali jina la Rasulullah lifutwe kwenye mkataba, na hakuacha kuwa Mtume. Kila alipomaliza jibu alikuwa anauliza: je, nimelitoa hilo? Nao wanasema ndiyo. Riwaya zinatofautiana idadi, lakini iliyo mashuhuri inasema watu 2,000 walirudi pamoja naye.

Na waliobaki? Walimkamata njiani Abdullah bin Khabbab, mtoto wa Swahaba, akiwa na mkewe mjamzito. Tende ikaanguka kutoka mtini, mmoja wao akaitia mdomoni. Wenzake wakamkemea: umeila bila kuilipia! Akaitema. Kisha wakamchinja Abdullah kando ya mto, na mkewe wakamuua pamoja na mimba yake. Tende ya mtu iliwaogopesha, damu ya mtu haikuwaogopesha. Mwaka 38 Hijria Ali alipigana nao Nahrawan wakashindwa, na kisasi cha siku hiyo ndicho kilichomleta Ibn Muljam msikitini.

Usidhani hayo yaliishia Iraq. Kule Kanungu, Uganda, kundi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde lilikataza waumini wasiseme ovyo, wakawa wanazungumza kwa ishara. Kiongozi wao mmoja alikuwa padri aliyesoma hadi Los Angeles. Dunia iliambiwa ingeisha mwaka 1999 ukimalizika. Haikuisha. Watu waliouza mashamba wakaanza kuulizia mali zao, na tarehe 17 Machi 2000 kanisa likateketea na mamia ya watu ndani. Hapa kwetu Kenya, Paul Mackenzie, aliyekuwa dereva wa teksi Malindi, alihubiri kwamba shule na hospitali ni dhambi, kisha wafuasi wakaingia msitu wa Shakahola wakafunga bila kufuturu. Kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ya watoto. Yeye na wenzake walishtakiwa mwaka 2024, wakakana mashtaka.

Wengine wetu walisema, ati hayo ni ya Wakristo. Jamani! Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa na vijana wanaosema Allahu Akbar. Mmoja wa wauaji alisomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Babake, chifu kule Mandera, alikuwa ameripoti kwa serikali kwamba mwanawe amepotea. Kwa hivyo sisi wa Karen na Lang'ata, tulio nyuma ya geti na ua wa kayaba, tusijidanganye kwamba elimu ya watoto au karo kubwa ni kinga. Kijana hapiti getini kwenda msituni siku ya kwanza. Anaanza darsa asiyotaka kuitaja jina. Anaacha kuswali nyuma ya imamu wa mtaa. Anaambiwa asiulize swali kwa mwingine isipokuwa sheikh wake, pesa zake haziulizwi zinakwenda wapi, na babake anakuwa "mnafiki".

Kutoka huko ni kugumu, na mara nyingi wanaokufanya kuwe kugumu ni sisi tuliobaki nje. Baada ya Garissa serikali ilitangaza msamaha kwa waliojiunga na al-Shabaab wakitaka kurudi. Wapo waliorudi, na huko Kwale baadhi yao waliuawa, wengine wakaogopa kujitokeza. Sayyidna Ali alifanya vingine. Hata kwa wale waliokataa kurudi alitoa ahadi tatu: hatawazuia misikitini, hatawanyima fungu lao la mali ya umma, na hatawapiga vita mpaka waanze wao.

Basi mzazi, kijana akianza kuwa hivyo, mfuate mapema, angali anajibu salamu. Nenda na mtu mwenye elimu anayemheshimu, awe mjomba au ustadh wake wa madrasa ya utotoni, na muulize malalamiko yake kabla ya kumhubiria. Akikasirika akaondoka mezani, sahani yake ya futari iwekwe vilevile kesho. Wewe kijana uliye ndani na moyo unakusukuma kutoka, usitangaze kwao. Mweleze ndugu mmoja unayemwamini, weka kitambulisho na vyeti vyako mahali salama nje ya mikono yao, na swala ya Ijumaa ijayo kaswali msikiti mwingine.